Dizeli ni nzuri, ila sio ya kila mtu hapa Dodoma

Mbukwenyi Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na nikizidisha maneno mnivumilie maana hili jambo limenigharimu hela. Wiki mbili zilizopita mlitoa barua ya msomaji wa Singida aliyesema mtu anayenunua SUV leo akachukua ya petroli anachoma pesa zake, dizeli ndo gari, zingine mapambo. Mume wangu aliikata ile barua akaibandika kwenye friji. Sasa na mimi naandika yangu, mkiitoa nitaibandika pale pale juu ya yake.

Kwanza huyo ndugu wa Singida sio muongo. Mtu anayekaa Singida, ana shamba huko Iramba, kila wiki anapanda na kushuka Sekenke na magunia nyuma, huyo utamwambia nini kuhusu petroli? Kosa lake ni pale alipotuchukua wote akatufanya yeye.

Imani ya dizeli kwa watu wa kanda ya kati mi naijua ilikotoka maana nimekulia humo. Marehemu baba alikuwa dereva wa hospitali ya misheni, anaendesha Land Cruiser mkonga, ile ya injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, haina tabo (ile feni ya kushindilia hewa kwenye injini) haina kompyuta haina chochote cha kukusumbua. Gari inapita kwenye makorongo ya mchanga Januari maji yakiwa bado yanashuka, inabeba mgonjwa, ndugu wa mgonjwa, na mbuzi wa ndugu wa mgonjwa. Ikigoma njiani baba anashuka na spana mbili na kitambaa, anapumulisha mafuta, anapampu pampu kwa mkono, inawaka. Mafuta yenyewe yamekaa kwenye pipa miezi na lile pipa sijui lilikuwa la nini mwanzo. Mtu aliyeona hayo utotoni ukimwambia dizeli inasumbua anakuona umechanganyikiwa.

Ila dizeli ya leo ni mtoto wa mjini. Mafuta yanasukumwa kwenye nozeli, zile za kunyunyizia mafuta ndani ya injini, kwa presha inayokaribia mara 2,000 ya hewa ya kawaida, matundu ya nozeli ni madogo karibu kama unywele, pampu inategemea ile dizeli yenyewe iilainishe, alafu kwenye ekzosi wamefunga filta ya kukamata masizi, ile DPF, na baadhi kama Prado za 2.8 zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina na tenki dogo la AdBlue, maji fulani ya kusafisha moshi ambayo yakiisha gari inaanza kukulalamikia kwenye dashibodi. Sio ile ya baba tena. Jina ni moja tu limebaki.

Sasa nieleze yaliyotupata. Sisi tunakaa Ilazo. Kazi yangu iko mjini kati, watoto wanasoma Area D, soko ni Majengo au Sabasaba. Mume wangu yuko Mtumba anapanda basi la ofisi, kwa hiyo gari ni yangu mimi. Kwa siku inatembea kilomita 20 mpaka 25 ila sio kwa mkupuo, ni vipande vya kilomita tatu, nne, unawasha, unazima, unamsubiri aliyesahau daftari, unawasha tena. Mwaka 2020 tukanunua SUV ya dizeli, injini 2.2, imeshuka kutoka Japani ikiwa na miaka saba (sisi huku gari mpya ni ile iliyotoka melini, hata kama kwao imeshazeeka), nzuri kweli kweli, jina lake nalihifadhi maana kosa halikuwa la gari. Pale yadi tuliambiwa mama hii unajaza fulu tenki unasahau njia ya sheli.

Na kweli miezi ya mwanzo tulisahau. Kilichoanza kunishangaza ni oili. Mume wangu ana tabia ya kuchomoa kile kijiti cha oili kila Jumapili asubuhi kabla ya ibada, akawa anarudi ndani anafurahi, anasema mama nanihii, gari hii haili oili kabisa, tena naona inaongezeka. Mimi si fundi ila nimepika miaka mingi, kitu hakiongezeki kwenye sufuria bila mtu kuongeza. Yeye akasema ni baraka, niache maneno.

Baada ya muda ikawaka taa ya njano, gari ikawa nzito, unakanyaga inaenda kama imefungwa kamba nyuma. Tukazunguka gereji mbili, ya kwanza wakabadilisha filta ya dizeli wakasema tayari, kesho yake taa ikarudi. Aliyetufumbua macho ni kijana mmoja wa pale Chang'ombe, akachomeka mashine yake akasoma, akaniuliza mama unaendaga wapi na hii gari. Nikamwambia. Akacheka, akasema, "Mama, hii gari yako inaumwa kwa kushinda ndani."

Alivyonieleza ni hivi. Ile filta inakamata masizi mpaka inajaa, ikijaa kompyuta inaongeza dizeli kwenye silinda ili joto la ekzosi lipande mpaka nyuzi kama 600 yale masizi yaungue yawe majivu kidogo tu. Hiyo kazi inataka dakika 15 mpaka 20 za mwendo usiokatika injini ikiwa imeshapata moto. Sio Ilazo mpaka Area D. Mimi nikizima gari katikati ya zoezi ile dizeli ya ziada haijaungua, inateleza kwenye kuta za silinda inashuka chini kwenye oili. Kwa hiyo ile baraka ya Jumapili ilikuwa dizeli! Na oili iliyochanganyika na dizeli inakuwa nyepesi, haishiki chuma, ukiiacha hivyo unaua tabo na beringi zote.

Tukapewa dozi. Badilisha oili, alafu kila Jumamosi ipeleke barabara kubwa nusu saa na zaidi bila kusimama, mzunguko wa injini usishuke chini ya 2,000. Mhariri, tukawa tunaenda Bahi kila Jumamosi kuitembeza gari kama mgonjwa wa sukari aliyeambiwa afanye mazoezi. Hatuna ndugu Bahi, hatuna kiwanja Bahi. Tunafika tunanunua mchele ili safari iwe na sababu tunageuza tunarudi, na kila tukienda na kurudi lita nane tisa zimeondoka, za gari tuliyoinunua ili ibane mafuta. Mchele ukajaa store mpaka nikaanza kuwagawia majirani.

Ikaja miezi watoto wana mitihani, mimi nina mwisho wa mwaka wa fedha kazini, Bahi tukaacha. Filta ikaziba kabisa. Bei ya mpya niliyotajiwa ilikuwa inatosha bodaboda. Fundi mwingine akasema tuikate tu tutoe matumbo yake, alafu wanaidanganya kompyuta, kazi ya nusu siku. Wengi wanafanya hivyo, siwezi kujifanya sijui, lakini mimi nina mtoto ana pumu na yale masizi yaliyokuwa yanabaki kwenye filta yatatoka yaende wapi kama sio kwenye kifua cha mtu wa nyuma yangu kwenye bajaji. Tukaiuza kwa hasara, tukimwambia mnunuzi kila kitu.

Na mnunuzi mwenyewe ni mfanyabiashara wa ng'ombe, wiki haipiti hajaenda Manyoni, siku nyingine anaunganisha mpaka Singida. Alibadilisha filta mara moja tu. Mpaka leo gari inadunda, tukikutana barabarani ananipigia honi na kunipungia. Gari ile ile! Ndo maana nasema kosa halikuwa lake.

Tulipoanza kutafuta nyingine nikamwambia mume wangu safari hii tunakaa na kalamu, hakuna cha naambiwa. Mwaka mzima mimi natembea kama kilomita 9,000. SUV ya petroli ya 2.0 kwa misele ya mjini naiwekea kilomita 10 kwa lita, ni lita 900. Ya dizeli naiwekea 13, ni kama lita 692. Tofauti lita 208. Nikipiga kwa shilingi 3,000 kurahisisha hesabu nimeokoa kama 624,000 kwa mwaka, sio hela ndogo, ada ya muhula mmoja wa mtoto mahali. Ila kwenye zile yadi tulizopita gari zile zile, mwaka ule ule, ya dizeli ilikuwa imezidi ya petroli kwa kama milioni 6. Gawanya. Miaka tisa na nusu ndo nirudishe hela yangu, na hapo sijaweka filta, sijaweka nozeli, sijaweka mchele wa Bahi.

Alafu kuna kitu watu wa yadi hawakisemi, au hawakijui. Ushuru wa bidhaa wa TRA kwenye gari unaangalia ujazo wa injini, ukizidi cc 1,000 mpaka 2,000 ni asilimia 5, ukipita 2,000 ni asilimia 10. Sasa petroli nyingi za SUV ndogo ni 1,998 au 1,997, zimekatwa makusudi zisivuke mstari, wakati dizeli wenzake ni 2.2, zimeshavuka. Na ile asilimia haipigwi kwenye bei peke yake, inapigwa baada ya kujumlisha ushuru wa forodha wa asilimia 25, na juu ya yote inakuja VAT ya 18. Gari iliyofika bandarini kwa milioni 20 inakuwa milioni 25 kwanza, hapo asilimia 5 ni milioni 1.25 na asilimia 10 ni milioni 2.5, tofauti ukiiwekea VAT inakaribia milioni moja na nusu. Ikiwa imefikisha miaka nane mpaka kumi kuna 15 ya uchakavu, ikipita kumi ni 30, hiyo haichagui mafuta. Kikokotozi cha TRA kipo mtandaoni bure, ingiza mwaka na modeli uone mwenyewe kabla hujatuma hela Japani.

Wale wanaosema dizeli ni bei rahisi sheli nao sijui wanajaza wapi. Zamani ndio. Siku hizi EWURA wakitoa bei Jumatano ya kwanza ya mwezi mara petroli iko juu mara dizeli imeipita, 2022 zote zilivuka 3,000, na 2023 kuna miezi dizeli ilikuwa ghali kabisa kuliko mwenzake. Huwezi kununua gari ya kukaa nayo miaka kumi kwa bei ya mwezi mmoja.

Na sheli kwenyewe kuna hatari yake, nilishawahi kuipata na ile gari yetu. Hizi SUV za siku hizi dizeli na petroli zinafanana kama mapacha, kijana wa pampu kaona mama na watoto kajua ni petroli, nageuka kumwangalia mtoto, lita saba zimeshaingia. Mdomo wa pampu ya petroli unaingia kwenye tenki la dizeli bila kukwama. Ashukuriwe Mungu nilikuwa sijawasha, maana petroli haina ule ulaini, ikipita kwenye pampu ya dizeli ni chuma kinasugua chuma, alafu vile vipande vinasafiri mpaka kwenye nozeli. Tuliisukuma pembeni wakanyonya tenki lote. Ukikuta hivyo usiguse hata swichi, gari nyingine ukifungua tu mlango pampu ya kwenye tenki inaanza kuvuta.

Mafuta yenyewe sisemi ni mabaya. Tangu 2015 Afrika Mashariki tulihamia dizeli ya salfa kidogo, sehemu 50 kwa milioni, na ule uchakachuaji wa kuchanganya mafuta ya taa umepungua sana ukilinganisha na enzi zile kabla ya vinasaba (ile alama wanayochanganya kwenye mafuta ili yakichakachuliwa ijulikane) na kabla kodi ya mafuta ya taa haijapandishwa 2011. Ila hizi dizeli mpya zenye vyombo vyote kwenye ekzosi zilitengenezewa nchi zenye salfa 10. Kwa hiyo jaza sheli yenye watu wengi, mafuta yasilale, na mwaga maji ya filta mara kwa mara hasa masika. Vumbi letu nalo unalijua Mhariri, eya klina ya Dodoma haiishi kama kitabu kinavyosema, na tabo haipendi vumbi hata kidogo.

Sasa mume wangu hoja yake kubwa ilikuwa safari ya Dar. Kilomita 450 na kitu, mara nne tano kwa mwaka, misiba, harusi, Krismasi, anasema pale dizeli ndo utaiona. Ilikuwa hoja nzito na mimi nilikuwa sina jibu. Lakini tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma 2024, mwenyewe hajaendesha kwenda Dar hata mara moja! Anapanda asubuhi, saa nne hazijaisha yuko mjini, analala njia nzima. Nikamuuliza hiyo dizeli ya Dar utaiendesha kwenye behewa? Akanyamaza, akaenda kuangalia kuku.

Shemeji yangu ni kesi nyingine, na hapa ndo namrudia ndugu wa Singida. Shemeji ananunua alizeti na mahindi, leo Kibaigwa, kesho Mpwapwa, keshokutwa Kondoa, akipata mzigo wa Iringa anapita Mtera anapanda Nyang'oro na trela nyuma. Yeye anafika kilomita 40,000 kwa mwaka. Kwa hesabu ile ile ya 10 na 13 anaokoa lita zaidi ya 900, karibu milioni 2.8, ile milioni 6 ya kununulia inarudi kwa miaka miwili na kidogo. Na nguvu ya kuvuta haifanani, Prado ya petroli ya 2.7 inatoa 246 Nm, ya dizeli ya 2.8 inatoa 450, tena inaitoa injini ikiwa bado iko chini kwenye mizunguko 1,600 hivi, sio mpaka uikanyage ilie. Kwenye mchanga wa korongo hiyo ndo tofauti ya kutoka na kulala. Filta yake haijawahi kumwashia taa maana inapata moto kila siku. Alikuja kutaka petroli kwa sababu ya stori zangu za Bahi, nikamwambia shemeji usithubutu, chukua dizeli na ukague nozeli kabla ya kulipa.

Sisi tumeagiza ya petroli, 1,998, inategemewa kushuka mwezi ujao. Nimewaza na hili, petroli ikinishinda bei kesho keshokutwa naweza kufunga mtungi wa gesi kama wanavyofanya Dar, dizeli haibadilishwi kirahisi hivyo. Haibridi niliziangalia zikanitisha kwa betri, labda nimekosea, mwenye nayo hapa Dodoma aandike tusome.

La mwisho Mhariri ni ombi kwenu. Kila EWURA wakitangaza bei mpya gazeti lenu linaweka Dar, Tanga na Mtwara, basi. Sisi wa Dodoma, Manyoni, Kondoa, Mpwapwa bei zetu zipo kwenye tangazo lile lile na ziko juu kwa sababu ya usafiri, ila hamziweki. Tutengeeni mistari minne tu kila Jumatano ile, watu wapige hesabu kwa bei wanayolipa kweli. Ile ya Mpwapwa shemeji ameniambia nisisahau kuitaja.

Mama wa watoto watatu,
Ilazo, Dodoma